Nyuzi za Anko Lot: Risala ya Wapigaji wa Puuhala

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jaji Healani Nahulu;

Mwenyekiti wetu, Anti Miliama Kaaihue, aliyekataa katakata kukaa meza kuu na ambaye kwa sasa amejibanza huko nyuma karibu na masufuria;

Mchungaji wetu; wazee wetu; wapigaji, waimbaji, na ninyi ambao kila Alhamisi huja kula tu;

Mabibi na mabwana:

Aloha.

UKARIBISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wapigaji muziki wa ridhaa wa Puuhala tunakukaribisha nyumbani. Tunajua umetoka mbali. Umeliacha jangwa lako la Nevada na kesi zake, umevuka bahari, na umefika kwetu huku upande wa mvua wa kisiwa ukiwa mzima. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Umevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tumekuona, na katibu ameliongeza hapa kwa kalamu. Kuna mama mmoja hapa mbele amenong'ona, "Heee, miaka yote hiyo huko bara, na miguu bado inakumbuka!" Usimjali, ndivyo alivyo, lakini na sisi tulikuwa tunawaza hivyohivyo.

Shada hilo la maua ulilovikwa shingoni limesukwa na Anti Miliama mwenyewe. Alianza alfajiri, akachuma, akasuka, akafumua, akasuka tena. Lilipokamilika akampa mtu mwingine akuvike. Tulimuuliza kwa nini, akasema ana vitunguu mkononi. Sababu ya kweli utaisikia mbele, vuta subira.

Utuwie radhi kwa kelele za bati. Wewe ni mwenyeji, unajua mvua ya huku haina ratiba. Ikizidi, msomaji atapaza sauti. Msomaji wenu ni katibu, Rufino Agbayani, dereva mstaafu wa basi la shule, ndiye yule aliyekuwa akikupigia honi asubuhi pale njiapanda huku unakimbia na kitumbua mdomoni. Sauti anayo bado. Kipaji cha gitaa ndicho hana, na hilo si siri.

Mheshimiwa, kadi tuliyokuletea ilisema kuna sherehe. Chakula kipo: nguruwe aliyeokwa shimoni yupo, magimbi yapo, wali wenye nyama ya kopo upo kwa ajili ya watoto. Mashada yapo. Furaha yenyewe ndiyo bado hatujaiona, na tunaomba usikilize mpaka mwisho ujue imekwama wapi.

TULIKOTOKA

Ukumbi huu unaufahamu. Ulikuwa wa shamba la miwa, wazazi wetu walikuwa wakichezea dansi humu siku za mishahara. Miwa ilipokufa, ukumbi ukabaki wa mchwa na popo. Anti Miliama alikuwa mpishi wa shule, na mwaka aliofiwa na mumewe nyumba ilimshinda. Alisema ukimya wa mle ndani ulikuwa unamfukuza. Basi Alhamisi moja alichukua ukulele wake na ufagio, akaja hapa, akafagia, akaazima maiki ya kanisani, akakaa, akaimba peke yake.

Rufino alikuwa anapita barabarani. Akachungulia.

"Miliama, unaimbia nani?"

"Naimbia viti."

"Viti vinasemaje?"

"Vina adabu kuliko wewe. Kaa basi, viongezeke."

Ndivyo kikundi kilivyoanza, Mheshimiwa. Hatukuwa na katiba. Tulikuwa na desturi: kila mtu nyimbo mbili, asiyejua apige asichojua, asichekwe mpaka awe ameshakaa. Kila mtu aje na chungu chake. Wakaja manesi, wavuvi, mafundi bomba, bwana Tokunaga wa duka la vifaa na besi yake, na mabibi watatu ambao mpaka leo wanagombania wimbo mmoja.

Na nje, chini ya ule mshelisheli, likawa linasimama gari la mizigo jekundu, bovu, taa moja. Mwenye gari hateremki. Anashusha kioo, anasikiliza, maiki ikizimwa anaondoka. Lilikuwa gari la baba yako.

Hatukuthubutu kumsogelea. Anko Lot Nahulu alikuwa hajapiga gitaa mbele ya watu tangu siku ile, na siku ile unaijua wewe kuliko sisi. Mwisho Anti Miliama alichoka kumtazama, akapakua sahani, akatoka nayo mvuani.

"Anko, utaingia lini?"

"Mimi sipigi kwa watu."

"Nani kakwambia upige? Njoo ule kwa watu. Huu uji wa magimbi ushachacha siku ya tatu leo, ukikataa ntamwagia gari lako."

Akaingia, akala. Alhamisi iliyofuata akaingia na gitaa. Akatoa masharti yake akiwa amesimama mlangoni kama mtu anayeweza kubadili mawazo: kiti chake kitazame ukuta, asikae mtu kati yake na ukuta, na simu zote ziingie kwenye kapu mlangoni pamoja na ndala. Anti Miliama akamjibu, "Ukitaka tukufunike na shuka tutakufunika, ilimradi upige."

Basi akapiga. Mheshimiwa, hatutaeleza alivyopiga, wewe ulilala ukiisikia sauti hiyo utoto wako wote. Tutasema tu kwamba wale mabibi watatu walinyamaza, na hilo halikuwahi kutokea kabla yake.

Akimaliza hainuki kwanza. Anazungusha vigingi kimoja kimoja, analegeza nyuzi zote sita mpaka zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, ndipo analaza gitaa kwenye kasha lake. Kila Alhamisi. Hatukumwona mchoyo. Kwetu sisi kila nyumba ilikuwa na mkao wake wa nyuzi, uzi upi ulegezwe na ulegezwe kiasi gani, na mkao huo hutolewa kwa mtu mmoja tu wa nyumba hiyo, kama anavyopewa mtu jina la babu. Ukiacha gitaa na mkao wako juu yake, umeacha mlango wazi na umeenda zako. Nyumba nyingine zote za huku mkao wao ulishazikwa pamoja na wenyewe. Wa akina Nahulu ndio uliokuwa umebaki.

TULIYOYAFANIKISHA

Katibu amejifunza kodi tatu za gitaa. Tunaanza na hilo kwa sababu ametishia asisome risala tusipoliandika.

Bwana Tokunaga aliacha pombe, au tuseme Alhamisi haigusi. Wapo wawili walioonana kwenye foleni ya maiki na sasa wana mtoto. Tumeimba kwenye misiba mingi mno, na tumeimba vizuri. Vijana wachache waliobaki kijijini wanajua nyimbo ambazo baba zao hawazijui.

Lakini fanikio letu kubwa ni moja. Anko Lot alianza kuongea.

Ilikuwa jioni ya mvua kama hii, tumekaa tunakunywa chai, kila mtu anasubiri ipungue aende. Akauliza, pasipo mtu kumuuliza lolote:

"Mnamkumbuka mwanangu?"

Rufino akasema, "Nilikuwa nampeleka shule, Anko. Kila siku anachelewa."

"Nilimwita mwizi."

Mheshimiwa, maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Anti Miliama ndiye aliyemjibu. "Tulikuwepo, Anko. Tulisikia."

Tulikuwepo kweli. Ilikuwa karamu ya mtoto wa binamu yako kutimiza mwaka. Wewe ulikuwa msichana wa sekondari, umevaa gauni la njano. Baba yako yuko shimoni anafukua nguruwe. Ukalichukua gitaa lake lenye nyuzi zilizolegea, ukazikaza moja moja bila kubahatisha, ukapiga wimbo aliomtungia mama yako. Mama yako akaweka sahani chini, akalia. Hatukuwa tunajua umejifunzia wapi, maana mzee alikuwa anafunga mlango akitaka kupiga. Kumbe sakafu haikuwa na mlango. Miaka yote ulikuwa uvunguni mwa nyumba, chini ya mbao za sakafu, umelala chali na kuku, unasikiliza kila kigingi kinavyozungushwa juu ya uso wako.

Akaja na majivu mikononi. Akakunyang'anya gitaa, akalilegeza mbele ya wageni wote, akasema, "Kumbe nimefuga mwizi uvunguni." Wewe ukavaa ndala zako ukaondoka, na ulipomaliza shule ukapanda ndege. Umerudi mara moja tu, kumzika mama, na makaburini mlisimama yeye huku na wewe kule.

Sasa sikiliza alichosema jioni ile, Mheshimiwa. Tunakinukuu kama kilivyo, na tupo wengi wa kushuhudia:

"Mtu haibi cha kwake. Nilikuwa nimepanga kumpa akimaliza shule. Yeye kachukua mapema tu, kosa liko wapi? Nilikasirika kwa sababu alipiga vizuri kuliko mimi. Basi. Hakuna jingine. Msichana wa miaka kumi na sita, na alinizidi, mbele ya mke wangu."

Rufino akamwambia, "Mpigie simu, Anko. Sasa hivi. Kapu lile pale, chukua simu yoyote."

Akatikisa kichwa. "Jaji hapigiwi simu na mshtakiwa."

Akacheka peke yake, halafu akafuta uso kwa kofia. Tulimsihi. Kila Alhamisi tulimsihi. Jibu lake likawa, "Ntampigia nikipata la kumwambia." Tukamwambia, "Lile ulilotuambia sisi, si ndilo hilo?" Akasema, "Kuwaambia nyinyi ni rahisi, nyinyi si yeye."

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, risala yoyote huwa na paa linalovuja, na sisi la kwetu linavuja. Maiki inakatika. Watu wetu wanahama, maana nyumba za huku zimepanda bei na wanunuzi hawaishi humo. Anayehama leo kwenda bara huacha kiti, na viti vya Anti Miliama vimeanza tena kubaki peke yao. Haya yote tungeweza kuyaeleza mpaka nguruwe apoe. Tunayaruka. Changamoto yetu ni nyingine.

Anti Miliama alituomba tusiiandike. Alisema, "Andikeni tu kwamba ilitokea, msinitaje." Tukapiga kura, akashindwa. Anti, tusamehe. Ni lazima aijue.

Alhamisi hiyo hapakuwa na mvua. Anko Lot alifika mapema, amenyoa, amevaa lile shati la maua alilozikia mkewe. Zamu yake ilipofika alikwenda kwenye kiti chake kule ukutani, akakishika, akakigeuza. Akakaa ametutazama usoni. Bwana Tokunaga alikuwa anakunywa chai, akajimwagia.

"Leo tazameni," Anko akasema.

Anti Miliama akamuuliza, "Umepatwa na nini wewe?"

"Nimepata la kumwambia. Kwanza nizoee kutazamwa, maana akija atanitazama. Kesho nampigia."

Akaanza wimbo wa mama yako. Ubeti wa kwanza ukaisha. Katikati ya ubeti wa pili mkono wa kulia ukasimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu chumba cha pili. Gitaa likamteleza magotini, na yeye akalifuata.

Gari la wagonjwa lilichelewa lakini lilikuja. Wakampakia. Tukabaki tumesimama hapa kama watu waliopigwa kofi, hakuna anayejua aende wapi. Gitaa liko sakafuni. Anti Miliama akapiga magoti, akaliokota, akalifuta vumbi kwa kanga yake ya jikoni. Akaona nyuzi bado zimekazwa. Mkao wa akina Nahulu uko juu ya gitaa, wazi, mwenyewe hayupo.

Na yeye akafanya alichokuwa akifanya Anko mwenyewe. Akamfungia mlango. Alikuwa analia na anazungusha vigingi, kimoja, kingine, taratibu, kwa heshima, wala hakufikiri. Na sisi tulimtazama, Mheshimiwa, tukaona anafanya jambo jema. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Uzi wa sita ulipolegea ndipo bwana Tokunaga akasema kwa sauti ndogo, "Anti. Unafanya nini?"

Akaitazama mikono yake.

"Namhifadhia," akasema. Halafu akaelewa kwamba ameufuta mkao wenyewe. Alipiga yowe ambalo hakulipiga hata siku ya kumzika mumewe, na tangu jioni ile hajaimba. Hashiki ukulele. Anakuja, anapika, anakaa huko kwenye masufuria. Tukimsemesha anasema, "Niacheni, nimezika mtu angali mzima."

Tumejaribu kumwambia kwamba yeyote kati yetu angefanya hivyo. Hasikii. Wewe kazi yako ni kuhukumu. Kama kuna hukumu katika jambo hili, tunaomba utuweke kizimbani sote, usimweke yeye peke yake.

Anko Lot hakufa. Lakini mkono wa kulia umekufa, na maneno yamekwenda nao. Yuko kwenye ile nyumba ya kutunzia wagonjwa, katika mji uitwao Hilo. Mkono wa kushoto ni mzima. Kutwa kucha unatembea juu ya blanketi, vidole vinakunjuka, vinakandamiza, vinahama. Nesi alidhani ni mtetemo wa maradhi akataka kumpa dawa. Rufino ndiye aliyemzuia. "Hapana, dada. Huyo anapiga."

Anapiga wimbo uleule, tumevifuatilia vidole. Anaufikisha ubeti wa pili, anasimama, anaanza upya.

Bwana Tokunaga ana sikio kuliko sisi wote. Amejaribu mikao mingi kwenye gitaa lake mwenyewe, akienda nayo mpaka kitandani kwa mzee, anampigia. Mara moja alikaribia. Anko akafumbua macho makubwa, tukadhani tumepata. Uzi uliofuata ukamkatisha tamaa, akageukia ukuta. Tokunaga alirudi na gari anaendesha huku analia, mtu mzima yule. Hajajaribu tena. Na daktari ametuambia siku za mzee hazifiki miezi.

Tulikuandikia kwamba baba yako anaumwa. Ukajibu: "Nimepata taarifa. Asanteni." Maneno hayo tuliyasoma sana, tukiyageuzageuza, tukitafuta kama kuna jingine humo ndani. Hatukuliona. Ndipo katibu aliposema, "Binti hawezi kuja, lakini jaji akialikwa rasmi huja." Tukatengeneza sherehe. Tukachapisha kadi. Huo ndio ukweli wa kadi yako, Mheshimiwa, na kama ni udanganyifu basi tumeufanya kwa nia safi na tutaurudia ikibidi.

Umefika jana. Dereva aliyekupokea uwanja wa ndege ni mpwa wa Rufino, na kisiwa hiki hakifichi kitu. Ametuambia ulimwomba apite njia ya ile nyumba ya wagonjwa. Ukamwambia apunguze mwendo. Alipotaka kusimama ukasema, "Hapana, twende tu." Hatukulaumu. Tumelisema hapa ili ujue kwamba tunajua ulipita.

MAOMBI

Wengine wangeomba paa. Hatuombi paa. Ndoo zetu zinajua pa kukaa.

Ombi letu liko kwenye kiti hapo kulia kwako. Umekuwa ukiliangalia tangu ulipokaa, ukiangalia pembeni, unaliangalia tena. Ndilo lenyewe, gitaa la baba yako. Tumelifuta vumbi kwa nje tu. Vigingi havijaguswa tangu viliposhikwa na Anti Miliama. Nyuzi zake ziko chini kabisa.

Tunaomba uzikaze.

Hatujui mtu mwingine duniani wa kumwomba. Mkao ule umo katika vichwa viwili: kimoja hakiwezi kusema, na kingine ni cha yule aliyeitwa mwizi kwa kuujua. Labda utasema umesahau, ni miaka mingi, umesoma sheria, umejaza mengine. Inawezekana. Lakini kuna mama hapa amesema jambo kuhusu miguu yako, na sisi tunadhani sikio halina tofauti sana na mguu.

Ombi la pili. Nyuma ya hilo pazia la buluu, kwenye chumba cha kuhifadhia viti, yupo baba yako. Usishtuke, Mheshimiwa. Kaa kwanza. Tumemleta mchana, amefunikwa vizuri, nesi yuko naye, na wametupa ruhusa mpaka chakula cha jioni. Amesikia kila neno lililosomwa hapa. Asubuhi tulipomwambia kwamba uko kisiwani, ule mkono wa kushoto ulisimama. Ulikuwa haujawahi kusimama nje ya ubeti wa pili. Ulikaa juu ya blanketi umefunguka, kiganja juu, mpaka tulipomaliza kumwogesha. Katibu ameongeza mstari huu nao kwa kalamu leoleo, maana risala ilikuwa imeshaandikwa.

Yeye ana mkono wa kushoto. Wewe una wa kulia. Gitaa ni moja, na wimbo umekwama ubeti wa pili.

Hatuombi umsamehe. Hilo halimo katika uwezo wa kikundi, na aliyetakiwa kuliomba alichelewa kwa siku moja. Tunaomba tu asije akafia katikati ya wimbo wa mkewe.

Ombi la tatu ni dogo na linatuhusu sisi. Desturi ya nyumba yenu tunaijua, na safari hii hatutaikosea. Risala hii ikiisha, Rufino atazima maiki. Nesi atafungua pazia, atamsogeza Anko mpaka hapo ulipo, kisha atatoka nje. Sisi sote tutageuza viti vyetu tutazame ukuta, kama alivyokuwa akikaa yeye. Anti Miliama pia, njoo mbele, Anti, geuka pamoja na wenzako. Simu ziko kwenye kapu. Hakuna atakayeona uzi upi umelegezwa wala kidole kimekanyaga wapi. Ukimaliza, ukitaka kuzilegeza, zilegeze. Ukitaka kuziacha, ni mlango wako.

Na kama haiwezekani, Mheshimiwa, mlango wa kutokea uko kushoto. Viatu vyako tumevitenga ngazi ya juu visilowe. Hakuna atakayekusimamisha, hakuna atakayekutazama unapoondoka, na kesho hatutakusema, ingawa mabibi watatu hatuwezi kuwadhamini.

Tutakuwa tumekupa migongo. Tutasikiliza tu.

Mungu aliyekulinda jangwani na akulinde hapo ulipokaa, aupe mkono wako wa kulia nguvu, na amwache mzee macho kwa muda wa wimbo mmoja.

Tunakupenda, mwanetu. Karibu nyumbani.

Ni sisi,
Wapigaji wa Ridhaa wa Maiki ya Alhamisi,
Puuhala.

Jamani, tugeuke.